Fulana za kuzuia risasi kwa watu wa ambulensi, zimamoto na uokoaji: zinavyovaliwa, na zinavyoharibika kwenye joto letu

Mleta uzi:

Salaam wakuu. Uzi huu ni kwa wenzangu wa ambulensi, zimamoto na uokoaji, na hasa kwa wanaoshika funguo za stoo, maana wao ndio wanaoamua kama fulana itafanya kazi siku ya siku. Natunza vifaa vya kikosi cha ambulensi huku Pwani ya Kenya. Ninalotaka tulikubali mapema ni hili: fulana nyingi hufia kwenye buti la gari, kwenye msumari wa stoo na kwenye beseni la kufulia, muda mrefu kabla risasi haijazigusa. Ukiziangalia utaziona nzima kabisa, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Kuna watakaouliza mtu wa machela anatafuta nini na vazi la askari. Jumba la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa, na majeruhi walikuwa wakitolewa huku milio bado inasikika ndani. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, 148. DusitD2 pale Nairobi, Januari 2019, 21. Dar es Salaam, Agosti 2021, mtu mmoja mwenye bunduki aliua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi barabarani, mchana kweupe, karibu na Ubalozi wa Ufaransa. Sisi wa Pwani tunayakumbuka mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014. Katika kila tukio la namna hii kuna majeruhi anayevuja damu, na kuna mhudumu anayesubiri kuambiwa aingie.

Marekani walilipia somo hilo katika shule ya Columbine mwaka 1999, ambapo mwalimu aliyepigwa risasi alivuja damu kwa saa kadhaa hadi akafa, msaada ukiwa nje. Baadaye wakaja na vikosi vidogo vya wahudumu wanaoingia wakizungukwa na polisi, kwenye eneo ambalo limeshapitiwa ila halijathibitishwa kuwa salama. Mwaka 2018 shirika lao la viwango vya zimamoto likatoa kiwango kizima cha matukio haya, NFPA 3000. Mhudumu anayeingia eneo hilo anavaa fulana. Sisi nasi tunaingia maeneo hayo hayo, kwa hiyo tuzungumze kuhusu kifaa chenyewe.

Kwanza ujue uliyonayo inazuia nini. Fulana laini, ile inayojikunja kidogo mkononi, ni ya bastola. Kipimo kinachotumika sana duniani ni cha taasisi ya Marekani iitwayo NIJ, na daraja la juu la fulana laini kwa muda mrefu limekuwa IIIA. Hiyo inasimamisha risasi ya milimita 9 na hata .44 Magnum. Risasi ya SMG, yaani AK-47, inaipita kama haipo. Narudia kwa sababu nimewasikia watu wazima, wenye vyeo, wakisema fulana yao "inazuia risasi" na basi. Ya bunduki inahitaji bamba gumu, mbele na nyuma: daraja la III linapimwa kwa risasi ya NATO ya 7.62×51, na la IV kwa risasi ya .30-06 yenye kiini cha chuma kigumu, iliyotengenezwa kupenya deraya. Mwishoni mwa 2023 NIJ walibadili majina. Ukiona HG1 na HG2, hizo ni za bastola, takriban II na IIIA za zamani. RF1, RF2 na RF3 ni za bunduki, na RF1 sasa inapimwa pia kwa risasi ya AK, jambo lenye maana kubwa kwa ukanda wetu.

Kwenye bei, angalia mabamba ya chuma. Ni rahisi na hayavunjiki, lakini risasi ikigonga chuma inapasuka vipande, na vipande vinaruka kuelekea shingoni, kidevuni na mikononi. Mimi sikubali kumvisha mhudumu bamba la chuma tupu.

Mchangiaji, Mwanza:

Mkuu asante kwa elimu hii. Huku kwetu bunduki si sana, shida ni panga na kisu. Unaitwa kwenye ugomvi wa baa usiku, au mgonjwa wa akili kajifungia na kisu. Fulana ya risasi si itazuia kisu kirahisi tu? Kama inazuia risasi, kisu ni nini?

Mleta uzi:

Ndugu yangu, hapo ndipo watu wengi wanapoumizwa. Fulana laini inaikamata risasi kwa sababu risasi ni butu na inakuja kwa kasi: nyuzi zinanyooka, zinaisambazia nguvu eneo kubwa, risasi inabapaa na kusimama. Ncha ya kisu inafanya kinyume, inapenya katikati ya nyuzi na kuzitenganisha, kisha makali yanakata. Kwa hiyo fulana nzuri kabisa ya IIIA inaweza kutobolewa na kisu cha jikoni, au bisibisi, mkononi mwa mtu mwenye nguvu.

Za visu zinapimwa peke yake. Uingereza, ambako polisi wanakutana na visu kuliko bunduki, kiwango chao kina madaraja ya kisu, KR1 na KR2, na daraja lingine la vitu vyenye ncha kama sindano nene. Askari wao wa doria wanavaa fulana yenye kazi zote mbili, risasi za bastola na kisu. Kwa hali uliyoieleza, hiyo ndiyo ningeitafuta. Soma lebo: kama haitaji kisu, haizuii kisu.

Mikono, shingo na uso vinabaki wazi hata hivyo. Panga linakwenda kichwani na kwenye mkono uliouinua kujikinga, na fulana haina la kusaidia hapo. Mgonjwa aliyejifungia na kisu anasubiri polisi, uwe umevaa au hujavaa.

Mchangiaji, Garissa:

Kaka, kuna kitu umekigusa juu juu, hii ya kusema fulana "inakufa". Sisi tuko na za miaka mingi, hazijawahi kupigwa risasi, ziko sawa kabisa, hata rangi haijatoka. Zinakufaje?

Mleta uzi:

Swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Miaka ya mwisho ya 1990 kampuni ya Toyobo ya Japani ilitoa uzi mpya uitwao Zylon. Ulikuwa na nguvu kuliko Kevlar, uzi uliozoeleka kwenye fulana hizi, fulana zake zilikuwa nyembamba na nyepesi, na askari wa Marekani walizipenda. Juni 2003, katika mji wa Forest Hills, Pennsylvania, askari mmoja alipigwa risasi ambayo fulana yake ya Zylon ilipaswa kuizuia kwa mujibu wa daraja lake. Ikapenya, akajeruhiwa vibaya. Fulana ilikuwa na miezi tu tangu aanze kuivaa. Serikali ikakusanya fulana za Zylon zilizokwisha kutumika kutoka vituo mbalimbali na kuzipiga risasi maabara: zaidi ya nusu zikapenywa. Agosti 2005 NIJ wakaziondoa zote kwenye orodha ya zinazokubalika. Kesi ziliendelea miaka mingi, na mwaka 2018 Toyobo walikubali kulipa serikali ya Marekani dola milioni 66.

Kilichokuwa kimeuharibu uzi ule ni unyevu, joto na mwanga: jasho la mwilini, gari lililoegeshwa juani, hewa ya pwani. Kwa macho hakukuwa na alama yoyote.

Baada ya hapo kiwango cha mwaka 2008 kiliongeza jaribio jipya. Kabla ya kupigwa risasi, fulana laini zinazungushwa ndani ya pipa lenye joto la nyuzi 65 na unyevu wa asilimia 80 kwa siku 10, mizunguko 72,000, ili zichoke kama zilizovaliwa. Joto kali na unyevu si vitu vigeni kwetu. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani huko Garissa au Mombasa inaweza kupita nyuzi 60 kwa saa chache, na hewa ya Kilindini huhitaji kuiongezea maji.

Sasa kila aina ya uzi ina adui yake. Kevlar na ndugu zake wa jamii ya aramidi wanachukia mwanga wa jua, wanachukia klorini, na wakilowa wanapoteza nguvu kwa muda, kwa sababu maji yanafanya nyuzi ziteleze badala ya kushikana. Ndiyo maana paneli za ndani, yaani tabaka zenyewe zinazozuia risasi, zimefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, ulioshonwa kwa joto. Mfuko huo ukitoboka, hata tundu dogo la pini ya beji, paneli inaanza kunywa jasho. Nyuzi za poliethilini, kama Dyneema, hazijali maji, ila joto ndilo linalozimaliza. Zinayeyuka kwenye nyuzi 150 hivi, na watengenezaji wanaonya mapema zaidi ya hapo, wengi wakikataza kuzihifadhi kwenye joto la juu la gari. Kuna mabamba mengi mepesi siku hizi yaliyotengenezwa kwa poliethilini tupu, na hayo ndiyo watu wanayaacha kwenye dashibodi.

Za kwenu za Garissa, kaka, kama zimelala kwenye stoo baridi, zimelazwa bapa, ni jambo moja. Kama zimekaa nyuma ya Land Cruiser miaka hiyo yote, mimi nisingemvisha mtu.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

Mkuu, mimi ni muuguzi wa gari la wagonjwa. Tunapokezana fulana zamu kwa zamu, na zinarudi na damu na jasho. Dada wa usafi anaziloweka na Omo na jiki halafu anaanika juani ili harufu itoke. Tufanyeje badala ya hapo? Na pia kwa sisi wanawake zile fulana hazikai kabisa, ukikaa kwenye gari inapanda hadi kooni.

Mleta uzi:

Dada, komesheni jiki leo hii. Jiki ni klorini, inakula aramidi, na kuloweka kunapitisha maji kwenye kila mshono uliolegea.

Fulana ina sehemu mbili. Kava la nje ni nguo tu. Paneli za ndani ndizo zinazozuia risasi. Toa paneli kwanza, na bandika mikanda yote ya velkro ili isinase vitu. Kava linafuliwa kwa mkono, sabuni ya kawaida, maji ya uvuguvugu, linaanikwa kivulini. Paneli hazifuliwi. Zinafutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, chenye sabuni nyepesi, kisha kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, zinalazwa bapa juu ya meza penye upepo na kivuli hadi zikauke. Hakuna pasi, hakuna mashine, hakuna kupuliza pafyumu au dawa ya wadudu. Damu ikiwa kwenye kava, hilo linafuliwa kwa utaratibu wenu wa nguo zenye damu. Ikiwa imefika kwenye mfuko wa paneli, futa kwa dawa ambayo mtengenezaji ameiruhusu kwenye maelekezo. Ikiwa imepenya ndani ya mfuko, paneli hiyo haina kazi tena. Ukirudisha paneli ndani ya kava, angalia lebo ipo upande ulioandikwa: kuna upande wa mwili na upande wa kupokea risasi. Mabamba yana maandishi STRIKE FACE, hayo yanatazama nje, na nimeona mabamba yamegeuzwa kwenye vikosi vya watu wanaojua kazi.

Harufu inatokana na jasho la jana. Kama bajeti inaruhusu, kila mhudumu awe na kava lake na fulana ya pamba ya kuvaa chini, mpokezane paneli tu. Bora zaidi kila mtu na paneli zake, kwa sababu ya hilo la pili ulilolileta, la kukaa mwilini.

Fulana inapanda kooni kwa sababu ni ndefu kwako. Paneli ya mbele inaanzia kwenye kile kibonyeo chini ya koo, inaishia vidole viwili au vitatu juu ya mkanda ukiwa umesimama, ili ukikaa isisukumwe na mapaja. Ubavuni mbele na nyuma zipandane sentimita 5 hivi, ya mbele ikiwa juu, kwa sababu pembeni ndiko kulikofichika moyo na mapafu na ndiko risasi inakopita ukiwa umemgeukia mgonjwa. Kwa wanawake kuna paneli zilizokatwa kwa umbo la kike, na kiwango kipya cha NIJ kimeboresha namna ya kuzipima. Paneli bapa ya mwanamume juu ya kifua cha mwanamke inaacha nafasi kwapani na inabana pumzi. Usikubali kuambiwa uizoee. Andika kwenye ripoti kwamba kifaa hakikukai, kama ambavyo ungeandika kuhusu buti za namba isiyo yako.

Usikaze kupita kiasi: upumue hadi mwisho, unyanyue mikono yote miwili, ufanye mwendo wa kukandamiza kifua cha mgonjwa. Jaribio hilo la mwisho ndilo linalowaumbua wauzaji.

Mchangiaji, Mwanza:

Kuna shirika linataka kutupa fulana za msaada kutoka nje, zimetumika na muda wake umepita. Mkuu wetu anasema kitu cha bure usikiangalie meno. Wewe unasemaje?

Mleta uzi:

Uliza tarehe ya kutengenezwa, daraja, namba ya toleo, na zilikuwa zinahifadhiwa wapi. Watengenezaji wengi wanatoa dhamana ya miaka 5. Umri peke yake hauui fulana. Yenye miaka sita iliyolala kwenye stoo nzuri inaweza kuwa na afya kuliko ya miaka miwili iliyoishi kwenye gari. Tatizo ni kwamba wewe huna historia ya hizo, na hakuna jicho linaloweza kuijua. Kuipiga moja risasi porini muone pia hakusaidii, maana moja ikizuia haithibitishi kwamba ya pili itazuia. Kama shirika lina moyo wa kusaidia kweli, liombe lipeleke sampuli maabara, au linunue chache mpya badala ya nyingi zilizochoka. Zilizokwisha zipokeeni kwa mafunzo tu, mzipake rangi kubwa inayoonekana mbali, na zikae chumba kingine kabisa. Zikikaa pamoja na za kazi, usiku wa dharura mtu atachukua isiyo yake.

Na kabla hujaagiza chochote wewe mwenyewe mtandaoni, nenda polisi uulize kibali. Vifaa hivi vinaangaliwa kwa jicho kali bandarini, na kwa haki.

Mchangiaji, Nairobi:

Mimi wasiwasi wangu ni kufanana na polisi. Kwenye maandamano ya Juni 2024 hapa jijini, mtu akikuona na vesti nyeusi anadhani wewe ni askari. Si fulana yenyewe itatuletea shida?

Mleta uzi:

Wasiwasi wako ni wa haki. Kava la mhudumu lisiwe jeusi wala la madoadoa ya jeshi. Rangi ya bluu mwanga, nyeupe au njano yenye mikanda inayong'aa, na neno AMBULENSI au DAKTARI kifuani na mgongoni, herufi za kusomeka ng'ambo ya barabara. Alama ya msalaba mwekundu si ya kila mtu kubandika, inalindwa kisheria, na wenye haki nayo ni Msalaba Mwekundu wenyewe na huduma za tiba za jeshi. Wengine watumie nembo ya kikosi chao au ile nyota ya bluu yenye ncha sita.

Kuna pia njia ya kuvaa paneli laini ndani ya shati, kama unahudumu mahali ambapo fulana inayoonekana inachokoza watu. Ubaya wake ni joto. Fulana laini ina kilo mbili hadi tatu, ukiongeza mabamba mawili unabeba zaidi ya kilo nane, na kifua chote kimefungwa, jasho halikauki. Kiongozi wa zamu awe anahesabu maji ya watu wake na kuwapumzisha kivulini wakiwa wameifungua. Mhudumu aliyezimia kwa joto anakuwa mgonjwa wa ziada, na hakuna aliyempangia machela.

Mchangiaji, Garissa:

Tuseme mwenzetu amepigwa na fulana imezuia. Anaendelea na kazi?

Mleta uzi:

Haendelei hata dakika moja. Kiwango kinaruhusu fulana izame nyuma hadi milimita 44 kwenye udongo wa kupimia wakati risasi inasimama. Fikiria kina hicho kwenye mbavu zako. Ngozi inaweza kuwa na mchubuko tu, na ndani pafu limevia damu au moyo unapiga kombo, hasa mabamba yakiwa yamepokea risasi ya bunduki. Mfungue, kata mikanda ya mabegani na ya ubavuni kwa mkasi wa kiokozi, usimvue kwa kichwani. Tafuta tundu la pili kwapani, shingoni, mgongoni, kwenye kinena, kwa sababu aliyepigwa mara moja huenda alipigwa mara tatu. Hewa, kipimo cha oksijeni, mapigo, hospitali, na akae chini ya uangalizi hata akisema yuko sawa. Fulana aende nayo, daktari aone risasi iligonga wapi, kisha ihifadhiwe kwa polisi kama kielelezo. Hairudi kazini.

Bamba la kauri nalo ni hivyo hivyo likianguka. Kauri inasimamisha risasi kwa kuivunja, na lenyewe linavunjika. Likidondoka sakafuni linaweza kupata ufa ndani ya kitambaa chake na usiuone. Ligongegonge kwa kidole ukisikiliza sauti ya kukatika, lishike pande mbili ulikunje kidogo kusikia mchakaricho, na ukiwa na shaka lipitishe kwenye eksirei ya hospitali. Ufa kwa kawaida huonekana kwenye picha.

Mchangiaji, Dar es Salaam:

La mwisho kwangu mkuu. Zilizokufa tunazitupa wapi?

Mleta uzi:

Usitupe jalalani, dada. Itaokotwa, na atakayeivaa ni mlinzi wa usiku anayeamini inamlinda, au jambazi. Usichome moto pia, moshi wake ni mbaya. Andika namba yake kwenye rejista, toa paneli kwenye kava, uzikate vipande pamoja na mfuko wake. Mkasi wa kawaida hautaweza aramidi, kuna mkasi maalumu wenye meno madogo, la sivyo peleka kwa polisi wenye utaratibu wa kuharibu vifaa na uchukue stakabadhi. Kava likiwa zima lifue, ubaki nalo kwa paneli mpya.